Camaro Z/28 na Mustang Boss 302: Mwongozo wa Mkusanyaji

Kanuni moja ya mashindano ndiyo iliyozaa magari haya mawili. Mwaka 1966 chama cha mbio za magari cha Marekani, SCCA, kilianzisha mbio za Trans-Am kwa ajili ya magari ya aina zinazouzwa kwa umma, na kikaweka kikomo cha ujazo wa injini: lita 5, yaani inchi za ujazo 305. Kiwanda kilichotaka kushinda kililazimika kwanza kuuza madukani gari lenye asili moja na lile la mbio. Chevrolet ilileta Camaro Z/28, iliyotengenezwa na injini ya inchi 302 kuanzia toleo la 1967 hadi la 1969. Ford ilichelewa, ikaja na Mustang Boss 302 katika matoleo ya 1969 na 1970. Injini zote mbili zina silinda zenye kipenyo cha inchi 4, na pistoni zake hupanda na kushuka inchi 3. Viwanda vyote viwili vilitangaza nguvu zile zile: farasi 290 kwenye mizunguko 5,800 kwa dakika. Wakati ule wengi waliamini kwamba takwimu hiyo ilipunguzwa makusudi, na injini zenyewe zikipimwa huwapa haki.

Kwa mkusanyaji, kufanana huko kwa takwimu hakusaidii sana. Tofauti inayogusa mfuko wake iko kwingine: Boss 302 ni rahisi kuthibitisha lakini ina injini ghali kuitunza, ilhali Z/28 ni rahisi kuitunza lakini kuthibitisha uhalisi wake ni kazi ya upelelezi. Bei za magari haya zimejengwa juu ya uthibitisho. Camaro ya kawaida ya 1969 na Z/28 halisi ya mwaka huo huo zinaweza kuonekana pacha machoni pa mpita njia, na bado thamani zake zikaachana mbali sana.

Z/28 ilivyozaliwa

Camaro ilianza kuuzwa Septemba 1966, Chevrolet ikijaribu kupunguza pengo lililofunguliwa na Mustang tangu Aprili 1964. Vince Piggins, mhandisi aliyesimamia masuala ya mashindano ndani ya Chevrolet, ndiye aliyewashawishi wakubwa wake kutengeneza gari la Trans-Am. Njia aliyoitumia ilikuwa ya akili na ya gharama nafuu: bloku ya injini ya inchi 327, yenye silinda pana, ilitiwa krenkshafti yenye mwendo mfupi kutoka injini ya inchi 283. Matokeo yakawa takriban inchi 302, chini kidogo tu ya kikomo. Pistoni ikiwa na safari fupi, injini inaweza kuzunguka kwa kasi bila kujiumiza, na Z/28 iliyo na afya hufika mizunguko 7,000 bila kulalamika.

Jina lenyewe halikubuniwa na mtu wa matangazo. Katika orodha ya vifaa ambavyo mteja angeweza kuagiza, Z22 ilikuwa mapambo ya Rally Sport na Z27 ilikuwa Super Sport; kifurushi cha mbio kikapewa namba iliyofuata, Z28. Magari ya kwanza hayakuwa hata na nembo ya jina hilo. Nembo ya Z/28 ilianza kubandikwa katikati ya toleo la 1968, jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulikumbuka akiona gari la 1967 lenye nembo hiyo ubavuni.

Aliyeagiza Z/28 alilazimika kuchukua giabox ya mkono ya gia nne na breki za diski mbele. Gia za kujibadili zenyewe hazikuwepo, wala kiyoyozi. Bodi ilikuwa ya paa gumu tu. Gari moja pekee la paa la kukunjwa lilitengenezwa, mwaka 1968, kwa ajili ya Pete Estes aliyekuwa mkuu wa Chevrolet. Kwa hiyo Z/28 nyingine yoyote ya miaka ile yenye paa la kukunjwa, hata ikiwa imetengenezwa kwa ustadi wa kupendeza, ilizaliwa ikiwa gari jingine.

Magari 602 yalitengenezwa katika toleo la 1967, 7,199 mwaka 1968 na 20,302 mwaka 1969. Kupanda huko kwa ghafla kuna sababu: Mark Donohue, dereva wa timu ya Roger Penske, aliipa Chevrolet ubingwa wa Trans-Am mwaka 1968 na tena mwaka 1969, na kila kijana wa Marekani aliyekuwa na akiba alitaka kuonja. Toleo la 1969 vilevile liliuzwa kwa muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu bodi mpya ya 1970 ilichelewa. Bodi hiyo mpya ilipofika, Z/28 ilikuwa na injini ya inchi 350, kwa hiyo habari ya 302 ikaishia hapo.

Boss 302 ilivyozaliwa

Ford haikukubali kipigo cha 1968 kirahisi. Mwaka ule ilikuwa imeingia uwanjani na injini ya inchi 302 yenye silinda hedi za matundu makubwa mno, na injini hizo zilikuwa zikivunjika mbio baada ya mbio. Mapema mwaka huo huo Semon Knudsen, kigogo wa General Motors (GM), kampuni mama ya Chevrolet, alihamia Ford kuwa rais wa kampuni, na nyuma yake akafuata msanifu Larry Shinoda. Shinoda ndiye aliyelipa gari hili jina la Boss, akaondoa mapambo ya uongo yaliyokuwa ubavuni mwa Mustang, na akachora mistari myeusi ambayo mpaka leo hutambulisha gari hili kutoka mbali.

Wahandisi wa injini nao walipata jibu zuri. Walichukua bloku ndogo ya inchi 302, wakaiimarisha kwa kufunga vishikio vitatu vya katikati vya krenkshafti kwa bolti nne kila kimoja, kisha wakaweka juu yake silinda hedi zilizokuwa zikiandaliwa kwa ajili ya injini mpya ya inchi 351 ya kiwanda cha Cleveland. Katika hedi hizo valvu zimelazwa kwa pembe tofauti, kwa hiyo kuna nafasi ya valvu kubwa mno. Valvu ya kuingizia ya Boss ya 1969 ina kipenyo cha inchi 2.23, ya Z/28 ina inchi 2.02. Mwaka 1970 Ford yenyewe iliona imezidisha, ikaipunguza hadi 2.19.

Boss 302 za 1969 ni 1,628 tu, na za 1970 ni takriban 7,000. Za 1969 zina taa nne mbele, za 1970 zina mbili, na hiyo ndiyo njia ya haraka ya kuzitofautisha barabarani. Mwaka 1970 timu ya Bud Moore, ikiwa na madereva Parnelli Jones na George Follmer, ilitwaa ubingwa wa Trans-Am kwa Ford. Baada ya msimu huo Ford ikajiondoa katika mashindano na Boss 302 ikafa. Knudsen alikuwa ameshafukuzwa kazi tangu Septemba 1969, kabla ya kuona ushindi wa gari alilolisukuma.

Isichanganywe na Boss 429. Hilo ni gari jingine lenye injini kubwa zaidi, lililotengenezwa kwa ajili ya mbio za NASCAR, na soko lake ni la peke yake.

Tabia barabarani

Magari yote mawili yana uzito wa karibu tani moja na nusu, na yote humaliza robo maili kwa takriban sekunde 15. Anayetafuta gari la kuruka kwenye taa za barabarani atafurahia zaidi magari ya wakati ule yenye injini za inchi 396 au 428, kwa sababu injini hizi za 302 hazina msukumo mkubwa zikiwa zinazunguka polepole. Raha yake huanza mizunguko inapovuka 4,000. Udhaifu huo wa chini unaonekana zaidi katika Boss ya 1969 kwa sababu ya zile valvu kubwa mno; mjini, katika msongamano, huwa nzito na yenye kugoma. Z/28 nayo haipendi foleni, lakini huvumilia.

Kwenye kona Boss ina sifa ya pekee. Ford iliipa matairi mapana ya F60-15, ikaimarisha nguzo za shokamzoba za mbele zisipasuke kwa nguvu ya matairi hayo, ikapanga shokamzoba za nyuma moja mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake ili ekseli isirukeruke dereva anapokanyaga mafuta, na usukani wake hujibu upesi. Kati ya magari mawili, Boss ndiyo iliyokamilika zaidi kutoka kiwandani. Z/28 ilikuwa na matairi membamba kidogo ya E70-15, na sehemu kubwa ya vifaa vilivyoipa ushindi uwanjani viliuzwa kando, kaunta ya spea: kwa mfano mfumo wa kabureta mbili zilizowekwa kwa mshazari. Gari likikutwa leo na kabureta hizo, mnunuzi aulize ziliwekwa lini na nani. Uwepo wake peke yake hauthibitishi lolote.

Kuthibitisha Boss 302

Hapa ndipo sehemu ngumu ya kazi, na Boss ndiyo inayoanza kwa sababu ni nyepesi. Namba ya chasi ya Ford ya miaka ile inataja injini. Boss ya 1969 huanza na 9F02G. Tarakimu ya 9 ni mwaka wa toleo, F ni kiwanda cha Dearborn, 02 ni bodi ya mgongo ulioteremka, na G ni injini ya Boss 302. Za 1970 huanza na 0 badala ya 9. Herufi ya tano isipokuwa G, gari hilo si Boss 302, hata likiwa na mistari, spoila na injini halisi iliyotolewa katika gari lililogongwa.

Namba hiyo husomwa kwanza kwenye bamba la juu ya dashibodi kupitia kioo cha mbele, kisha hulinganishwa na namba iliyopigwa muhuri kwenye bati la ndani la upande wa injini, chini ya ukingo wa madigadi. Sehemu ya muhuri huo hufichwa na madigadi yenyewe, na fundi mwaminifu hatakataa kulegeza bolti chache ili isomwe yote. Sehemu ya namba hiyo hiyo ilipigwa pia kwenye bloku ya injini na kwenye giabox. Bamba la mlangoni, ambalo kwa magari ya 1970 ni karatasi ya kubandika, lisipewe uzito mkubwa kwa kuwa nakala zake huuzwa.

Hatua inayofuata ndiyo inayoiweka Ford mbele. Kumbukumbu za uzalishaji za magari ya Ford kuanzia toleo la 1967 zimehifadhiwa, na kampuni ya Marti Auto Works ya jimbo la Arizona ina leseni ya kuzitumia. Kwa ada ambayo ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya gari, hutoa ripoti inayoonyesha gari lilitoka kiwandani likiwa na rangi gani, giabox gani, difu ya uwiano gani na vifaa gani vya ziada, na muuzaji gani alilipokea. Ripoti hiyo ipatikane kabla ya majadiliano ya bei. Muuzaji akitoa ya kwake, mnunuzi anaweza kuagiza nyingine kwa jina lake mwenyewe. Ripoti hueleza gari lilivyozaliwa. Kama vipande vilivyopo leo ndivyo vile vile, hilo hubaki kazi ya macho.

Jambo moja la Boss humsumbua mkusanyaji: injini iliyozaliwa na gari mara nyingi haipo tena. Magari haya yalinunuliwa ili yakimbizwe, na pistoni za kiwandani zilikuwa na kasoro inayojulikana ya kupasuka sketi. Injini nyingi ziliharibika zikiwa bado changa, na bloku za badala zilizotolewa na Ford hazikuwa na namba ya gari. Boss yenye bloku ya aina hiyo bado ni gari la heshima, ila bei yake isilingane na ya lile lenye injini yake ya kwanza.

Kuthibitisha Z/28

Namba ya chasi ya Camaro ya 1969 huanza hivi: 124379N au 124379L. Tarakimu ya kwanza ni Chevrolet. 24 ni Camaro yenye injini ya V8. 37 ni bodi ya paa gumu. 9 ni mwaka. N ni kiwanda cha Norwood, Ohio, na L ni kiwanda cha Los Angeles, kilichokuwa Van Nuys. Habari imeishia hapo. Namba haisemi kama V8 hiyo ilikuwa ya 302 au ile ya kawaida kabisa ya kumpeleka mama sokoni. Chevrolet ya Marekani haina kumbukumbu za vifaa vya kila gari ambazo mnunuzi anaweza kuziomba. Ndiyo maana Z/28 bandia zimejaa, na ndiyo maana anayeipenda Camaro lazima awe na subira kuliko anayependa Mustang.

Ushahidi hukusanywa kipande kwa kipande. Wa kwanza ni bamba dogo lililofungwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria. Magari ya Norwood yaliyotengenezwa kuanzia Desemba 1968 hivi yana alama ya X kwenye bamba hilo: X33 ni Z/28 yenye mapambo ya ziada ya nje, na X77 ni Z/28 isiyo na mapambo hayo. Alama hiyo ni ushahidi mzuri, mradi bamba ni la asili. Misumari yake ichunguzwe, na tarehe iliyoandikwa, kwa mfano 02C yaani wiki ya tatu ya Februari, iendane na namba ya chasi. Magari ya Los Angeles hayakupewa alama za X, na Z/28 nyingi halisi za Norwood zilitengenezwa kabla alama hazijaanza. Kukosekana kwa X peke yake hakulifungi faili.

Wa pili ni injini. Mbele ya silinda hedi ya upande wa kulia pana sehemu bapa iliyopigwa muhuri. Injini ya Z/28 ya 1969 huwa na V ya kiwanda cha Flint, mwezi na siku ya kuunganishwa, kisha herufi DZ. Injini ya 1968 huishia na MO. Kando yake hupigwa sehemu ya namba ya chasi. Bloku za DZ zilisubiwa kwa namba tatu zinazojulikana, 3932386, 3956618 na 3970010, kwa kufuatana kadiri mwaka ulivyosonga. Mpangilio wa tarehe ndio mtego unaowanasa walaghai wengi: bloku lazima iwe imesubiwa kabla ya siku ya kuunganishwa injini, na injini iwe imeunganishwa kabla ya gari kukamilika, kwa tofauti ya siku au wiki chache. Sehemu bapa yenyewe itazamwe kwa kioo cha kukuzia. Mashine ya kiwanda iliacha mikwaruzo myembamba iliyonyooka sambamba. Ikiwa uso umekwanguliwa laini kabisa, au mikwaruzo inakatiza juu ya herufi, kuna mtu amefuta namba na kupiga nyingine.

Karatasi ni ushahidi wa tatu na wenye nguvu kuliko wote. Karatasi ya kuundia gari, iliyowaelekeza wafanyakazi kiwandani, wakati mwingine hupatikana imesahaulika juu ya tangi la mafuta au ndani ya springi za viti. Bamba la chuma la dhamana, ambalo mteja wa kwanza alikabidhiwa ndani ya kijitabu, lina namba ya chasi pamoja na alama za injini, giabox na difu. Hati ya mauzo ya siku ya kwanza yenye neno Z28 ina thamani ya kuwekewa kufuli. Magari yaliyouzwa Kanada yana bahati ya pekee, kwa kuwa GM ya Kanada ilitunza kumbukumbu zake na hutoa nakala. Kwa yaliyouzwa Marekani, chama cha National Corvette Restorers Society kinaweza kumpa mmiliki taarifa ya muuzaji aliyepelekewa gari. Haionyeshi vifaa, lakini humsaidia kupima ukweli wa hadithi anayosimuliwa.

Mwisho wa uchunguzi huu ni viungo ambavyo mlaghai mvivu huvisahau. Difu ya Z/28 ni ile nzito ya bolti 12. Springi za nyuma za 1968 na 1969 zina majani kadhaa, wakati Camaro nyingi za kawaida zilikuwa na jani moja. Bomba la mafuta ni nene, inchi tatu kwa nane. Na chini ya sanduku la hita, kwenye ukuta wa injini, imepigwa sehemu ya namba ya chasi mahali ambapo wachache hupafikia. Kiungo kimoja kikikosekana kuna maelezo. Vikikosekana vitatu, mnunuzi aende kutazama gari jingine.

Bodi na kutu

Camaro ina fremu ndogo ya mbele iliyofungwa kwa bolti na mipira, na bodi yake ndiyo inayobeba sehemu iliyobaki. Kutu hupenda sakafu, sehemu ya chini ya madigadi ya nyuma, sakafu ya buti, na mfereji wa chini ya kioo cha nyuma, hasa magari yaliyofunikwa paa kwa vinyl, kwa kuwa maji hunaswa chini ya kifuniko hicho. Mustang haina fremu ya kufungua. Bodi nzima ni kitu kimoja. Kwa Boss pakaguliwe nguzo za shokamzoba zilizobeba springi za mbele, mihimili ya mbele, bati la chini ya betri, na viboksi vya kona vinavyounganisha mihimili na kingo za sakafu. Tundu la hewa chini ya kioo cha mbele huoza katika magari yote mawili, na dalili yake ni zulia lenye unyevu upande wa miguu. Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa itaonyesha palipojazwa puti.

Bodi nzima za Camaro za miaka hiyo na za Mustang za mgongo ulioteremka sasa hutengenezwa upya na kuuzwa. Ni neema kwa anayetaka gari la kuendesha. Kwa mkusanyaji ni sababu ya kukagua kila muhuri mara mbili, maana bamba la namba likihamishiwa kwenye bodi mpya, gari lililokufa linafufuliwa kwa karatasi tu. Kubadili au kuhamisha namba ya chasi kwa hila ni kosa la jinai Marekani, na gari lenye kesi hiyo linaweza kuchukuliwa na polisi hata kama mmiliki wa sasa hana hatia.

Spea na matunzo

Z/28 inashinda hapa bila ubishi. Injini yake ni ya familia ile ndogo ya V8 ya Chevrolet iliyotengenezwa kwa mamilioni tangu 1955, na sehemu kubwa ya vipuri vyake vya kuchakaa hupatikana kwa bei nafuu popote Marekani. Silinda hedi, mfumo wa kuingizia hewa na vipuri vingine vya ndani vya Boss ni vyake peke yake. Vya asili ni haba na ghali. Pistoni za kisasa zilizofuliwa huondoa kasoro ya sketi, na Boss iliyowekewa pistoni hizo na fundi anayeijua inastahili kupewa alama ya ziada badala ya kupunguzwa bei.

Injini zote mbili zina tapeti ngumu zinazohitaji kurekebishwa nafasi yake mara kwa mara. Mlio wake wa kugongagonga kwa upole ni wa kawaida. Ukimya kamili unamaanisha valvu zimebanwa mno na zinaweza kuungua. Oili nyingi za kisasa zimepunguzwa zinki, madini yanayolinda kemshafti na tapeti za aina hii, kwa hiyo hutafutwa oili iliyotengenezwa kwa ajili ya injini za zamani. Mgandamizo wa Z/28 ni 11 kwa 1 na wa Boss ni takriban 10.5 kwa 1. Petroli ya daraja la chini italeta mlipuko wa kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Aliyenunua Boss ajue pia kuna kifaa kinachozuia injini kuzidi mizunguko 6,150 hivi. Wengi walikitoa zamani, na kukipata cha asili leo kunahitaji kusaka. Hali ni hiyo hiyo kwa pampu ya hewa ya kupunguza moshi katika Z/28: vijana wa 1969 waliitupa jalalani, na wanaorudisha gari katika hali ya kiwandani huitafuta kwa bei ya kushangaza.

Lipi linunuliwe

Mkusanyaji wa mara ya kwanza, hasa anayenunua kutoka mbali bila uwezo wa kulala chini ya gari na tochi, ana usalama zaidi akiwa na Boss 302 ya 1970. Namba yake inajieleza, ripoti ya kiwanda inapatikana, na idadi iliyotengenezwa ni kubwa kiasi cha kumpa nafasi ya kuchagua. Boss ya 1969 ni adimu zaidi na kwa kawaida ghali zaidi, lakini kwa kuendesha ni ya 1970 iliyo bora, kwa sababu valvu ndogo kidogo ziliipa uhai kwenye mizunguko ya chini.

Anayetaka kuendesha kila wikendi na kutengeneza mwenyewe achukue Z/28 ya 1969, akiwa tayari kumlipa mtaalamu wa kujitegemea wa Camaro aikague kabla ya ununuzi. Ada hiyo isilipwe na muuzaji. Z/28 ya 1969 yenye karatasi lakini iliyopoteza injini yake ya kwanza mara nyingi ndiyo ununuzi wa busara kuliko zote: bei hushuka, uhalisi hauna shaka, na mwenyewe haogopi kuikimbiza. Ya 1967 iachiwe mwenye fedha na uzoefu. Zilitengenezwa chache, na kishawishi cha kughushi ni kikubwa. Vivyo hivyo kwa breki za diski katika magurudumu yote manne, zilizowekwa kwenye Camaro 206 tu za 1969. Mfumo huo sasa unaweza kununuliwa mpya, kwa hiyo bila karatasi ya kiwandani au hati ya mauzo mnunuzi asiongeze hata dola moja kwa ajili yake.

Malipo yafuate utaratibu. Kwanza namba ya chasi ilinganishwe na hati ya umiliki iliyotolewa na jimbo, herufi kwa herufi. Kisha itazamwe kama hati hiyo ina alama ya gari lililowahi kufutwa na bima, au deni la benki ambalo halijamalizwa. Baada ya hapo mkaguzi aende akiwa na ripoti na orodha ya tarehe mkononi, apige picha ya kila muhuri kwa karibu, na picha hizo zimfikie mnunuzi moja kwa moja bila kupitia kwa muuzaji. Amana ndogo inaweza kutolewa ili gari lisiuzwe kwa mwingine, kwa maandishi yanayosema itarudishwa endapo namba hazitalingana. Fedha kamili hulipwa siku ambayo hati iliyosainiwa, funguo na karatasi zote za asili zinakabidhiwa kwa pamoja, kwa kuwa karatasi ambayo muuzaji ameahidi kuituma baadaye haikupaswa kuhesabiwa katika bei.